Kutetea "Kilimo cha Mmumunyo"

Wenye kutunga vipeperushi vya bustani za nyumbani wamekwisha kuamua, bila kumwuliza mtu, kwamba ukuzaji wa mboga kwenye madumu na mabomba pasipo udongo uitwe "kilimo cha maji". Jina hilo humvutia asiyewahi kukaa penye maji. Lipelekwe Kawetele, kata ya Tukuyu wilayani Rungwe, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na migomba haijui mfereji: mkulima wa huko atauliza, na atakuwa na haki, ni kilimo gani kisichokuwa cha maji. Istilahi isiyotenga kitu na jirani zake haijafanya kazi iliyoundiwa, na hii ina majirani wengi. Upande mmoja kuna kilimo cha umwagiliaji. Upande mwingine kuna ukuzaji viumbe maji, jina rasmi la ufugaji wa samaki na jamaa zao. Katikati kuna kilimo cha mwani, kinachoendeshwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, tena ndani ya bahari yenyewe. Kama lipo zao lenye haki ya kuitwa la kilimo cha maji, ni mwani. Sukumawiki iliyotundikwa kwenye bomba la plastiki isubiri zamu yake.

Watetezi wa jina hilo husema kwamba wamefasiri tu. Ni kweli, na hapo ndipo walipokosea. William Frederick Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kwanza kutumia neno lililomaanisha ukuzaji wa majini, akakuta wafuga samaki wamekwisha kulichukua. Mwaka 1937, kwa ushauri wa mwenzake William Setchell, aliyekuwa, kwa bahati nzuri, mtaalamu wa mwani, akatangaza "haidroponiki", neno la Kigiriki lililounganisha maji na "ponos", yaani kazi, taabu, jasho. Kielelezo chake kilikuwa "geoponika", jina la kale la kazi ya ardhi. Kwa hiyo nusu ya pili ya neno hilo ndiyo kilimo, na Kiswahili hakina deni hapo: kulima ni jasho tangu zamani, na kilimo cha mwani kimekwisha kuthibitisha kwamba jasho hilo halihitaji jembe wala tuta. Tatizo liko kwenye nusu ya kwanza. Gericke aliandika maji, lakini hakulisha mimea yake maji. Tangu Julius von Sachs na Wilhelm Knop walipofanya majaribio yao katika miaka ya 1860 ilijulikana kwamba mmea uliotiwa katika maji matupu hudumaa, na kwamba unaostawi ni ule uliotiwa katika maji yenye nitrati, fosfeti, potasiamu, kalsiamu na wenzao. Mtunga neno wa Berkeley aliteleza. Hatulazimiki kuteleza naye kwa heshima.

Kiswahili kina neno la kitu hicho hasa, nacho ni mmumunyo. Kumumunya ni kula kwa kulainisha mdomoni bila kutafuna, kama afanyavyo kibogoyo kwa kipande cha sukari guru. Kitu hulegea, huchanganyika na mate, kikamezwa bila jino kukigusa. Kemia ilikiazima kitenzi hiki zamani, ikakitungia kumumunyika na mmumunyo, na mwanafunzi anayekoroga chumvi katika maji anajua ametengeneza nini. Linganisha na kazi ya mzizi. Mzizi hauna meno. Hauwezi kupokea chembe ya mbolea mpaka iwe imemumunyika kwanza. Kilimo cha mmumunyo, basi, kinataja chakula cha mmea na namna unavyokila kwa pumzi moja. Wapo waliolibeza pendekezo hili kuwa "la kishairi mno", hukumu ya ajabu kutoka kwa watu ambao ushairi wao wote umeishia kwenye kiambishi "cha". Wapo pia wanaopendelea "myeyusho". Lakini barafu huyeyuka, samli huyeyuka, risasi huyeyuka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mwenzake, joto linatosha. Kumumunyika kunataka vitu viwili, kimoja kipotee ndani ya kingine, na bustani hii ni ya vitu viwili.

"Kilimo bila udongo" kina kasoro ya aina nyingine, nayo ni kutaja kisichokuwepo. Jina la namna hiyo hunukia muujiza, na muujiza ndio uliomponza Gericke, kwani mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hicho hicho walipopima madai yaliyokuwa yakienea, hawakuona kwamba mmumunyo unazidi udongo mzuri kwa mavuno. Rungwe, ambako ardhi ni majivu ya volkano na karibu kila kinachodondoka huota, kujisifia kukosa udongo ni majivuno yasiyo na wasikilizaji. Anayefaidika na bustani hii Tukuyu ni mpangaji mwenye kibaraza asiye na shamba, na hata yeye huenda akajaza ndoo zake yale mawe mepesi yenye vitundu yaliyotupwa na Mlima Rungwe. Hayo ni udongo au si udongo? Kamati na ikae.

Hoja nzito zaidi ni kwamba watu wanasema "haidroponiki" na wameridhika. Hukumbushwa hapa maiti za tarakilishi na rununu, ambazo kompyuta na simu zimezizika, walau Tanzania. Lakini kishikwambi nacho kilichekwa, mpaka Sensa ya 2022 ilipokiweka mikononi mwa makarani, na leo mwalimu hukitamka bila kutabasamu. Neno huishi likifika pamoja na kitu. Isitoshe, haidroponiki yenyewe imekwisha kupotoka: wengi wa wafugaji waliolisikia walilipata kwenye majani ya kuku na ng'ombe, yaani shayiri au mahindi yaliyolowekwa na kuoteshwa kwenye trei kwa takriban wiki moja. Humo kwa kawaida hamna mmumunyo wowote. Punje hujilisha akiba yake, maji huiamsha tu. Kitu hicho kina jina la kale, kimea, na mama wa Kawetele anayeotesha ulezi wa pombe hahitaji semina ili alijue. Malisho hayo ni kimea cha mifugo, na kesi imekwisha.

Matumizi ni mepesi. Mtu akiambiwa maji, hutia maji, au huongeza urea, ambayo hutegemea zaidi vijidudu vya udongoni viigeuze. Akiambiwa mmumunyo, atauliza kilichomumunyika ni nini, atapima pH ibaki kati ya 5.5 na 6.5, ataficha dumu lisipigwe na mwanga likaota mwani, na ataacha nafasi ya hewa chini ya kifuniko ili mizizi ipumue. Huko Kawetele ataezeka pia paa, kwa sababu mvua ya usiku mmoja ikiingia kwenye beseni huupunguza mmumunyo nguvu, na pengine hubaki kile ambacho vipeperushi vimekuwa vikikitaja siku zote. Wahariri wa kamusi zijazo waandike "kilimo cha mmumunyo" chini ya herufi K, wakihamishe "kimea" kutoka kwenye pombe peke yake, na wakiona haya kukubali pendekezo la mtu asiye mjumbe, waliandike bila kutaja chanzo.