Mwalimu wa Kwaya na Ngazi Yake

Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 15, tunamwona Daudi akilileta sanduku la agano kwa shangwe kuu. Katika ile orodha ndefu ya majina, ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma, yumo mtu mmoja aitwaye Kenania. Habari zake ni chache mno. Tunaambiwa alikuwa mkuu wa Walawi, na kwamba kazi ya kuwafundisha watu kuimba ilikuwa mikononi mwake kwa kuwa aliijua. Sababu iliyotajwa ni hiyo moja tu.

Leo nataka tumtafute Kenania wa huku kwetu, chini ya Mlima Kenya. Namsema yule mwalimu wa shule ya misheni aliyefundisha hesabu na kusoma tangu asubuhi, na jua lilipoanza kuzama akawakusanya vijana kanisani, chaki mkononi, awafundishe wimbo wa Jumapili. Vitabu vya historia vimetunza majina ya madaktari na wachungaji. Huyu mara nyingi amepata maneno mawili tu: kwaya iliimba.

Misheni ya Kanisa la Scotland ilianza kazi Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912, na Daktari Archibald Irvine akaanzisha kazi ya Chogoria mwaka 1922. Waanglikana nao walikuwa Kahuhia, Kabare na Kigari. Kila mahali palipojengwa shule palihitajiwa nyimbo, na kila mahali shida ilikuwa ile ile. Kinanda kilikuwa ghali, na unyevu wa mlima haukukihurumia. Noti za mistari mitano zilihitaji mwalimu aliyesomea muziki, na vitabu vyenye noti hizo vilikuwa vichache. Basi ni nani angemfundisha kijana wa Mathira kuimba besi?

Jibu lilitoka mbali, kwa mtu ambaye hakuwahi kuuona mlima huu. John Curwen alizaliwa Uingereza mwaka 1816, akawa mchungaji wa kanisa la Congregational. Hakuwa fundi wa muziki. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwagiza huyu kijana wa miaka 24 awatafutie njia iliyo bora ya kuwafundisha watoto kuimba. Angeweza kukataa na kusema, mimi mwenyewe sijui. Badala yake alianza kujifunza, akakipata kitabu cha mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, aliyekuwa akiwafundisha watoto kwa kutumia silabi za sauti: do, re, mi, na kuendelea. Curwen akaichukua njia ile na kuibadilisha hapa na pale, wala mama Glover hakupendezwa na kila badiliko. Haki yake tumpe: mzizi ulikuwa wake. Curwen aliupalilia, akaanzisha gazeti la kuieneza kazi mwaka 1851, na mwaka 1864 akaacha uchungaji wake wa Plaistow ili nguvu zilizomsalia zote ziende katika kufundisha. Alikufa mwaka 1880.

Wengi wanaoimba kwa solfa hawajawahi kujiuliza kwa nini iliwafaa walimu wetu namna ile. Solfa huandikwa kwa herufi za kawaida. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari uliosimama hutenganisha vipimo, na kistari kilicholala humwambia mwimbaji ashikilie sauti yake. Mtambo wowote wa kuchapa vitabu una herufi hizo tayari, na ubao wa shule unatosha kuandikia. Tena do haikai mahali pamoja. Kiongozi akiona watoto wanashindwa kupanda, huishusha do, na sauti nyingine zote hushuka pamoja nayo kama ngazi iliyosogezwa. Curwen aliichora ngazi hiyo kwenye karatasi kubwa ya kutundika ukutani, naye mwalimu huonyesha kwa fimbo. Asipokuwa na karatasi hutumia mkono wake: ngumi iliyofungwa ni do, kiganja kilicholazwa ni mi. Darasa zima huimba bila kinanda na bila kitabu.

Siku hizi wako wanaoicheka solfa, wakisema ni muziki wa maskini. Ni kweli kwamba humchosha mtu wimbo unapobadilisha ufunguo mara kwa mara, na kwamba mpiga kinanda hana budi kujifunza noti. Lakini maskini ndio aliokuwa nao Curwen, na ndio tuliokuwa nao sisi.

Hata hivyo palikuwa na jambo ambalo ngazi haikuweza kuliponya. Kikuyu ni lugha ambayo neno hupanda na kushuka, na kupanda kwake ni sehemu ya maana yake. Wimbo uliotungwa Scotland una milima na mabonde yake, nao haukuuliza neno la Kikuyu linataka kupanda wapi. Kwa hiyo watu waliimba maneno yaliyotafsiriwa kwa uangalifu, nayo tuni ikayapotosha. Tena wazee walizoea wimbo wa kiongozi na waitikiaji, miguu ikitembea, na akina mama wakipiga ngemi, tano kwa mtoto mvulana na tatu kwa msichana. Misheni iliwakataza waumini ngoma, na pamoja na ngoma ikaondoka sehemu kubwa ya ujuzi wa muziki wa watu. Mwalimu wa kwaya alisimama katikati. Huku alikuwa na kitabu, na huku alikuwa na masikio ya mama yake.

Kisha ukaja mwaka 1929. Ugomvi ulikuwa juu ya tohara ya wasichana. Misheni ziliwataka waumini, na hasa walimu, watie sahihi au alama ya kidole kwamba wameiacha desturi hiyo. Mimi naamini walikuwa na haki kuhusu mwili wa msichana, na Kenya yenyewe ilitunga sheria ya kuikataza mwaka 2011. Lakini sharti lenyewe liliwekwa kwa namna iliyoumiza watu wengi, na jibu lao lilikuja kwa wimbo. Muthirigu uliimbwa na kuchezwa kotekote katika nchi ya Wakikuyu, ukiwadhihaki wamisheni na waliotia alama, hata serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930.

Mfikirie mwalimu wetu katika miezi ile. Asipotia sahihi anapoteza kazi. Akitia, jirani zake wanamwimbia njiani. Wengi waliondoka, na katika Nyeri na Murang'a zikainuka shule za kujitegemea zilizoendelea kufundisha na kuomba bila misheni. Aliyeondoka hakuziacha sauti zake mlangoni, wala aliyebaki hakuwa na kwaya ile ile Jumapili iliyofuata. Besi mmoja yuko huku, na ndugu yake mwenye tena yuko ng'ambo ya mto.

Kidonda hicho hakijapona vizuri, uamsho ukafika. Ulitoka Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya mwaka 1937, na mwaka 1947 palikuwa na mkutano mkubwa Kahuhia. Ndugu wa uamsho walileta wimbo wa Tukutendereza, nao ukaimbwa kwa Kiganda chake na watu wasiojua Kiganda. Haukungoja mwalimu wala ubao. Nadhani kwa walimu wengi wa kwaya lilikuwa somo gumu kuona wimbo mfupi ukifanya kwa dakika moja kazi ambayo mazoezi ya mwezi mzima hayakuifanya.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Hapo pakatokea jambo ambalo kanisani hatupendi kulizungumza. Nyimbo za Mau Mau zilienea nchini, nyingi zikiimbwa kwa tuni za nyimbo za kanisa, zile zile zilizofundishwa mashuleni. Mtu aliyesimama mbali angeweza kudhani anasikia ibada. Wakati huo huo wako Wakristo wa uamsho waliokataa kiapo na kuuawa kwa sababu hiyo. Tuni moja ilikuwa midomoni mwa pande zote mbili, na yule aliyewafundisha wote wawili kuimba huenda alikuwa bado hai, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, akiwasikia. Hili nalitaja kwa sababu ni ushahidi wa kazi yake, hata kama hakuuomba. Alifundisha vizuri kiasi cha watu kutoweza kusahau.

Uhuru ulipokaribia, mwaka 1963, serikali iliwaita watu watano watengeneze wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa mchungaji. Hyslop alikuwa mwalimu wa muziki aliyekwisha kutumika miaka mingi akiwafundisha viongozi wa kwaya na kuwahimiza watumie tuni za Kiafrika, na mwaka 1964 kikatoka kitabu chake cha kuwaongoza walimu hao. Wale watano hawakuchagua tuni ya Ulaya. Walichukua wimbo ambao mama wa Kipokomo, kule Mto Tana, humwimbia mtoto alale, wakauvika maneno ya sala kwa Kiswahili. Lile swali la mwalimu wa Mathira, kitabu au masikio ya mama, lilipata jibu lake mbele ya taifa zima. Omondi baadaye aliongoza tume ya rais kuhusu muziki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1984, na mwaka uliofuata mfumo mpya wa elimu ukaufanya muziki kuwa somo la kutahiniwa katika shule za msingi. Haukudumu katika mtihani huo.

Nirudi kwa walimu wadogo. Afrika Kusini palikuwa na mmoja wao, Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliandika nyimbo zake kwa solfa katika daftari. Mmoja aliutunga mwaka 1897, na tuni yake ndiyo Watanzania wanayoiimba katika wimbo wao wa taifa. Alikufa mwaka 1905, bado kijana. Nyimbo zake nyingine nyingi zimepotea, na hata kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi, hadi lilipotafutwa na kuwekwa kumbukumbu mwaka 1996.

Na madaftari ya Tumutumu, Chogoria, Kaaga na Kabare yako wapi? Mengine yamo katika masanduku chini ya vitanda, karatasi zimegeuka manjano, herufi zimeandikwa kwa penseli, sauti nne zikipangwa moja chini ya nyingine. Mjukuu akiyaona hudhani ni hesabu za duka. Kama yumo mzee katika ushirika wenu ambaye bado husoma solfa, na ambaye kijana wa kinanda cha umeme humwona kama mtu wa kale, mwendee Jumapili hii ibada ikiisha, kabla hajashika njia ya nyumbani. Mwombe akuonyeshe daftari lake, kisha mwombe akuimbie mstari wa besi.