Alex Marshall: Bingwa wa Uskoti Aliyetawazwa Pamoja na Wenzake

Miongoni mwa wanamichezo wa Uskoti, ni wachache waliodumu kileleni kwa muda mrefu kama Alex Marshall, mchezaji wa matufe aliyezaliwa mwaka 1967, ambaye kati ya mwaka 2002 na 2018 alitwaa medali tano za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Mchezo huo huchezwa kwenye uwanja wa nyasi fupi zilizosawazishwa, ambapo wachezaji huviringisha matufe mazito kuelekea kijipira kidogo kiitwacho jeki, na upande wenye tufe lililo karibu zaidi na jeki ndio unaopata pointi katika duru hiyo. Kwa kuwa tufe halikuchongwa likawa mviringo kamili, hupinda kadiri linavyopungua kasi; kwa hiyo mchezaji stadi hailengi jeki moja kwa moja, bali hulielekeza tufe pembeni, akikadiria mahali litakapoanza kurudi ndani. Ingawa mchezo wenyewe ni wa kale, kanuni zake za kisasa ziliandikwa Uskoti mwaka 1849 na William Mitchell wa Glasgow.

Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja, Marshall alijijengea jina ukumbini, ambako huchezwa juu ya zulia pasipo upepo wala mvua. Alitwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini mara sita, katika miaka ya 1999, 2003, 2004, 2007, 2008 na 2015, yaani kwa kipindi cha miaka kumi na sita ambacho wapinzani wake wengi walichomoza na kufifia.

Hata hivyo, dhahabu zake zote za Jumuiya ya Madola alizipata akiwa na wenzake. Ya kwanza aliipata Manchester mwaka 2002 katika mchezo wa wawili wawili, akishirikiana na George Sneddon, na ya pili Melbourne mwaka 2006 akiwa na Paul Foster. Mwaka 2014, mbele ya mashabiki wa nyumbani katika viwanja vya Kelvingrove, Glasgow, yeye na Foster walishinda tena mchezo wa wawili, kisha wakaungana na David Peacock na Neil Speirs kutwaa dhahabu ya wachezaji wanne. Huko Gold Coast, Australia, mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 51, alishinda pamoja na Foster, Derek Oliver na Ronnie Duncan, na kuwa Mskoti mwenye dhahabu nyingi zaidi katika historia ya michezo hiyo kufikia wakati huo.

Maana ya kushinda hivyo pamoja na wenzake inaeleweka vizuri mtu akiutazama mchezo wa wanne, ambamo kila mchezaji huviringisha matufe mawili kwa duru, na nahodha, anayecheza mwisho, hukuta njia imekwisha kufunguliwa au kuzibwa na wale waliomtangulia. Ustadi wa Marshall ukumbini ulithibitisha kwamba aliweza kushinda peke yake. Medali zake tano zinathibitisha jambo adimu zaidi, kwamba bingwa wa kiwango hicho alikubali, kwa miaka mingi, kuutegemea mkono wa mwenzake.