Kutoka Kibuli Hadi Makerere: Elimu Pana na Shilingi Yenye Daftari



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu, kila mwanzo wa muhula swali moja huzunguka katika nyumba zetu za Kampala, kuanzia Kawempe hadi Nsambya. Je, tumlipie mtoto ada asome historia, lugha, fasihi na falsafa, au tumpeleke moja kwa moja kwenye fani yenye mshahara? Swali hili lilipamba moto mwaka 2022, pale serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa waliachwa nyuma sana, wakagoma. Wazazi wengi wakasema: mmeona wenyewe, sanaa haina chakula.

Hatupendi kulijibu swali hili kwa maneno ya baraza tu. Sisi Waislamu wa Uganda tunayo historia inayolijibu, na ni historia yenye gharama. Tumewahi kuishi bila elimu pana, tukaona matokeo yake. Tumewahi pia kuijenga kwa fedha kidogo, tukaona inavyowezekana. Tuipitie kwa ufupi.

KUSOMA NA DINI VILIKUWA NENO MOJA

Inajulikana kwamba Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na pwani, katika zama za Kabaka Suuna. Pamoja na vitambaa na bunduki, wageni hao walileta herufi. Mwanawe, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, akazungumza Kiswahili, na kwa miaka kadhaa akafunga Ramadhani pamoja na watu wa kasri lake. Hayo yote yalikuwa kabla wamisionari wa Kiingereza hawajafika mwaka 1877 na wa Kifaransa mwaka 1879.

Katika Kiganda neno okusoma lilikuja kubeba maana mbili kwa pamoja: kusoma maandishi na kushika dini. Walioingia katika dini hizi mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kwa hiyo Mwislamu wa kwanza wa Buganda hakuwa mtu wa kuchunga ibada tu. Alikuwa mtu wa kalamu, wa kalenda, wa lugha za nje na wa habari za dunia. Hiyo ndiyo elimu pana tunayoizungumzia, na ilianza kwetu.

TULIPOBAKI NJE YA MLANGO

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1888 Waislamu walishika madaraka Buganda, lakini kufikia 1890 walikuwa wameshindwa vitani. Kiongozi wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, alipelekwa uhamishoni Zanzibar mwaka 1893 na kurudi mwaka 1895. Ulipotiwa saini Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ardhi iligawanywa kwa maili za mraba. Jumuiya za wamisionari zilipata maili 92. Mbogo, kwa ajili yake na wafuasi wake wote, alipata 24. Katika masaza 20 ya Buganda, Waislamu waliachiwa moja, Butambala.

Waliopata ardhi na nguvu walijenga shule. Wakatoliki walifungua Namilyango mwaka 1902. Waprotestanti walifungua Gayaza ya wasichana mwaka 1905 na King's College Budo mwaka 1906. Humo watoto walifundishwa hesabu, lakini pia historia, lugha, muziki, mijadala na namna ya kuandika barua kwa ofisi ya serikali. Mwislamu aliyetaka mwanawe asome huko aliogopa atabadilishwa dini, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwani wapo watoto waliobadilishwa majina ili wakae darasani. Wazee wengi wakaona heri madrasa peke yake.

Tusiwalaumu wazee, walilinda imani. Lakini tuseme ukweli wa kilichofuata. Vizazi viwili vikawa madereva, wachinjaji wa nyama na wachuuzi. Kazi hizo ni halali na zimelisha nyumba nyingi, zikiwemo zetu. Tatizo ni kwamba pale ilipoandikwa sheria ya ardhi, ripoti ya elimu au bajeti ya wilaya, hatukuwa na mtu mezani. Jamii isiyo na wasomaji wa historia na sheria huamuliwa mambo yake na wengine.

KILIMA CHA KIBULI

Nuhu Mbogo alifariki mwaka 1921, akamwachia uongozi na ardhi mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907. Angeweza kuuza. Wenye ardhi wengi wa Buganda waliuza kipande kwa kipande, kwa magari, sherehe na madeni, hadi wajukuu wakabaki na hadithi. Mwanamfalme Badru alichagua njia nyingine. Alitoa ardhi yake ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Pale pamesimama msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, shule ya msingi, sekondari, chuo cha ualimu na hospitali. Mwaka 1954 ikaanzishwa Nabisunsa kwa ajili ya wasichana, jambo ambalo baadhi ya watu wakati ule waliliona ni kupoteza fedha.

Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la hesabu. Ardhi ikiuzwa hulipa mara moja, na fedha yake huliwa mara moja. Ikiwekwa wakfu hulipa kila mwaka, kwa watoto ambao mtoaji hatawajua kamwe. Mwanamfalme Badru alifariki mwaka 1991, na hadi leo kengele ya darasa inalia Kibuli.

Wala hakufanya peke yake. Uganda Muslim Education Association, tunayoifahamu kwa ufupi kama UMEA, ilikusanya michango na kusimamia shule. Kwa upande wa Afrika Mashariki nzima kulikuwa na East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa na Aga Khan mwaka 1945, ambayo ilisaidia kujenga misikiti na shule kwa kuongezea juu ya kile ambacho wenyeji wamekusanya. Utaratibu huo ulikuwa na hekima: anayetaka msaada aonyeshe kwanza daftari la michango yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kiwe na mtu wa kukihesabu.

MAKERERE ILIANZA NA RANDA

Wanaosema elimu ya kazi za mikono ndiyo peke yake yenye faida wakumbuke Makerere. Mwaka 1922 ilianza kama shule ya ufundi, na vijana 14 waliosoma useremala, ujenzi na umakanika. Ingebaki hivyo, Uganda ingekuwa na viti vizuri. Lakini ilipanuka: udaktari, kilimo, ualimu, na ilipofika 1949 ikawa chuo kinachotoa shahada za Chuo Kikuu cha London, zikiwemo za sanaa. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana pale kujadili fasihi yao.

Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akapata shahada ya sanaa Edinburgh mwaka 1952. Huyu aliyesoma historia na falsafa ndiye aliyeongoza nchi, na kati ya kazi zake alipata muda wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, Mabepari wa Venisi, ambayo kiini chake ni mkopo na hatari ya kutia saini deni bila kufikiri.

Kwa upande wetu tunaye Abubaker Kakyama Mayanja, aliyezaliwa mwaka 1929. Alisoma Budo katikati ya Wakristo na akabaki Mwislamu. Mwaka 1952 alifukuzwa Makerere baada ya mgomo wa chakula, na mwaka huohuo alikuwa katibu mkuu wa chama cha Uganda National Congress. Alikwenda Cambridge akasoma historia, kisha akawa mwanasheria. Mwaka 1968 alitiwa kizuizini kwa sababu ya maandishi yake katika jarida la Transition lililochapishwa hapa Kampala. Baadaye akawa waziri na mwanasheria mkuu. Alifariki mwaka 2005. Watu walimpinga kwa mengi, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba Waislamu hawana mtu wa kusimama na kujenga hoja. Hiyo ndiyo faida ya elimu pana, na haionekani kwenye hati ya mshahara.

MALI BILA DAFTARI

Upo upande wa pili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa watu wa dini na makabila mbalimbali. Wengi waliopewa hawakuwahi kuweka vitabu vya hesabu wala kuagiza bidhaa. Waliuza kilichokuwa rafuni, wakala mtaji, na rafu zikabaki tupu. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya mali hizo kurudishwa kwa wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Kampala nzima ilishuhudia.

Mwanazuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikuwa kadhi na mwanahistoria. Katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 alieleza jinsi kazi ya mwanadamu inavyozaa pato, na jinsi kodi nzito zinavyoua juhudi na mwishowe kupunguza hazina. Hakuitenganisha historia na fedha. Sisi tusitenganishe pia.

TUFANYE NINI MAJUMBANI

Kwanza, tusiwalazimishe watoto kuchagua kati ya akili na tumbo. Mtoto wa sayansi asome historia na lugha, ili aweze kueleza anachojua. Mtoto wa sanaa ajifunze hesabu za biashara, kompyuta au ufundi wowote wa mkono, ili asisubiri ajira ya serikali.

Pili, ada ipangwe kwa mwaka, si kwa muhula. Tuseme ada ni shilingi 900,000 kwa muhula. Kwa mihula 3 ni 2,700,000, yaani 225,000 kila mwezi. Mzazi anayekopa 900,000 kila muhula kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kulipa baada ya miezi 3, hutoa riba ya 270,000 kila muhula, sawa na 810,000 kwa mwaka. Karibu ada ya muhula mzima imeenda kwa mkopeshaji! Ukiacha kwamba riba ni haramu, ni hasara ya wazi.

Tatu, tutumie vyombo tulivyonavyo. Akina mama wetu wana vikundi vya nigiina. Baadhi ya zamu hizo zielekezwe kwenye ada badala ya vyombo na magomesi. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikawa ya kwanza kuanza kazi. Tuulize masharti yake, tusome kabla ya kutia saini.

Nne, watoto walione daftari la nyumba. Tuwaonyeshe kilichoingia, kilichotoka, na zaka iliyotolewa. Hilo ni somo ambalo shule nyingi hazilifundishi.

Tano, kila familia iweke kitu kidogo kwa ajili ya mtoto wa jirani. Kibuli haikujengwa kwa baba mmoja kumlipia mwanawe mmoja.

Wazee wetu walipewa kipande kidogo cha ardhi na mlango uliofungwa nusu. Walioyatunza mawili hayo kwa hekima wametufikisha hapa. Tukiitazama ada kama gharama tu, tutaikimbia. Tukiitazama kama wakfu, tutaipangia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.