Nafasi za madaktari wa tiba ya jumla kufunzwa utafiti vyuoni

MGONJWA anayeamka na kikohozi, kizunguzungu au maumivu ya mgongo nchini Uingereza kwa kawaida haanzii safari yake ya matibabu katika hospitali kuu. Huanzia katika kituo kidogo cha mtaani, mbele ya daktari wa tiba ya jumla ambaye huhudumia watu wa kila umri na maradhi ya kila aina. Daktari huyo ndiye huamua iwapo mgonjwa atapewa dawa na kurudi nyumbani au atatumwa kwa daktari bingwa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi elimu ambayo daktari huyo aliitegemea kuamua hayo ilitoka kwingine. Ilitokana na kazi ya maprofesa wa hospitali za vyuo vikuu, waliowachunguza wagonjwa waliolazwa huko wakiwa tayari wamezidiwa.

Ni pengo hilo ambalo nafasi maalumu za mafunzo ya kitaaluma kwa madaktari wa tiba ya jumla zilikusudiwa kuziba. Anayepata nafasi hiyo huendelea kuwatibu watu kituoni, lakini sehemu ya muda wake hutengwa ili awe chuoni akijifunza kutafiti na kufundisha.

Mmoja kati ya elfu

Ukubwa wa pengo lenyewe ulidhihirishwa mwaka 1961, wakati mtafiti Kerr White na wenzake walipochapisha makala katika jarida la tiba la New England nchini Marekani. Walitumia takwimu za Marekani na Uingereza kukadiria yale yanayowapata watu wazima 1,000 katika muda wa mwezi mmoja.

Kati ya watu hao, 750 waliripoti kwamba waliugua au kuumia. Waliomwona daktari walikuwa 250 pekee. Waliolazwa hospitalini walikuwa tisa, watano walitumwa kwa daktari mwingine, na aliyefika katika hospitali ya chuo kikuu alikuwa mmoja tu.

Mgonjwa huyo mmoja ndiye wanafunzi wa udaktari walifunzwa kwake, na ndiye vitabu vyao viliandikwa kumhusu. Wale 249 waliobaki walimwona daktari, lakini ni nadra kwa maradhi yao kuchunguzwa na chuo chochote.

Tofauti hiyo si ya hesabu tu. Maumivu ya kichwa yanayomfikisha mtu kwa bingwa wa ubongo yamekwisha kuchujwa na madaktari kadhaa, na uwezekano wa kuwa ni uvimbe hatari ni mkubwa kiasi. Maumivu hayo hayo kituoni mtaani aghalabu hutokana na mambo ya kawaida kama vile uchovu au mafua. Daktari wa kituo anayefuata kanuni za bingwa atawatuma watu wengi kupimwa bila sababu. Na akizidharau kabisa, siku moja atamrudisha nyumbani aliyestahili kulazwa.

Walioanguka ngazini

Dharau pia ilichangia. Mwaka 1950, daktari kutoka Australia, Joseph Collings, alichapisha katika jarida la Lancet ripoti iliyofichua hali duni ya vituo vingi vya tiba ya jumla nchini Uingereza. Mwaka 1958, Lord Moran, aliyekuwa daktari wa Winston Churchill, aliiambia tume ya serikali kwamba madaktari wa tiba ya jumla ni wale walioanguka kutoka katika ngazi ya kuwapandisha wenzao hadi ubingwa. Kauli hiyo iliwachoma wengi na ingali inakumbukwa.

Kufikia wakati huo, madaktari hao walikuwa wameanza kujipanga. Chuo chao cha kitaaluma kiliundwa mwaka 1952. Huko Scotland, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kitengo cha kufundishia tiba ya jumla mwaka 1948, mwaka ule ule Huduma ya Kitaifa ya Afya ilipozinduliwa. Mwaka 1963 chuo hicho kilimteua Richard Scott kuwa profesa wa tiba ya jumla, wa kwanza ulimwenguni.

Wadhifa huo ulipewa jina la James Mackenzie, naye hakuteuliwa kimzaha. Mackenzie alikuwa daktari wa kawaida katika mji wa viwanda wa Burnley, na akiwa huko aliunda chombo cha kurekodi mapigo ya moyo na mishipa. Kwa kuwafuatilia wagonjwa wale wale miaka nenda miaka rudi, alitambua ni mapigo gani yasiyo ya kawaida yaliyokuwa ya hatari na ni yapi yasiyodhuru. Bingwa anayemwona mgonjwa mara moja asingeweza kuyajua hayo.

Aliyemfuata katika njia hiyo ni William Pickles, daktari wa vijiji vya bonde la Wensleydale, aliyechapisha kitabu mwaka 1939 kuhusu jinsi magonjwa ya kuambukiza yanavyosambaa mashambani. Aliwafahamu wanavijiji kiasi cha kuweza kubaini ni nani aliyemwambukiza nani, na baada ya siku ngapi.

Naye Julian Tudor Hart alifanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales, ambako alipima shinikizo la damu la karibu kila mtu mzima badala ya kuwasubiri waje wakiwa wameathirika. Mwaka 1991, baada ya miaka 25 ya kazi hiyo, ilichapishwa kwamba vifo vya mapema kijijini humo vilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 vikilinganishwa na vya kijiji jirani.

Wote watatu walifanikiwa kwa ukaidi wao. Hapakuwa na njia rasmi ya kumtayarisha daktari kijana kufanya kazi kama yao, na aliyetaka kutafiti alifanya hivyo usiku, wagonjwa wakishaondoka.

Ripoti ya 2005

Njia hiyo ilipatikana kufuatia ripoti ya mwaka 2005 ya kamati iliyoongozwa na Mark Walport. Wakati huo alikuwa mkurugenzi wa Wellcome Trust, shirika lile lile ambalo limefadhili kwa miaka mingi utafiti wa malaria kule Kilifi. Ripoti ilionya kwamba idadi ya madaktari wanaofundisha na kutafiti vyuoni ilikuwa ikididimia, na ikapendekeza ngazi mahususi ya mafunzo kwao. Nchini England, gharama ya ngazi hiyo hulipwa na taasisi ya kitaifa ya utafiti wa afya iliyoundwa mwaka 2006.

Kwa kawaida, daktari wa Uingereza akishafuzu chuoni hufanya kazi ya msingi hospitalini kwa miaka miwili, kisha huingia mafunzo ya tiba ya jumla ya miaka mitatu. Anayeshinda nafasi ya kitaaluma hufunzwa kwa miaka minne. Robo ya muda huo, yaani jumla ya mwaka mmoja, ni ya chuo kikuu.

Mwaka huo hausambazwi sawasawa. Mwanzoni daktari hutumia muda mwingi wodini na kituoni, na katika miaka miwili ya mwisho wiki yake hugawanywa nusu kwa nusu. Chuoni hupewa msimamizi, huhudhuria masomo ya takwimu na mbinu za utafiti, hufundisha wanafunzi na kufanya mradi wake mdogo. Mitihani ya udaktari ni ile ile wanayofanya wenzake. Hapunguziwi hata swali moja.

Lengo si kukamilisha utafiti mkubwa. Ni kumwezesha kuandaa pendekezo litakalompatia ufadhili wa shahada ya uzamifu. Akiipata shahada hiyo, anaweza kuomba kazi ya uhadhiri wa kitabibu ambapo nusu ya muda ni ya wagonjwa na nusu ya chuo. Asipoendelea, hubaki daktari kamili wa tiba ya jumla na hakuna kilichopotea isipokuwa mwaka mmoja.

Mfano wa kazi inayotarajiwa ni ile ya William Hamilton, daktari wa tiba ya jumla katika mji wa Exeter aliyepekua kumbukumbu za vituo kuona watu waliopatikana na saratani walikuwa wamelalamikia nini miezi kadhaa kabla. Hatimaye akawa profesa. Mwaka 2015, alipokuwa kiongozi wa kitabibu wa kamati iliyoandaa mwongozo wa kitaifa wa England, ilikubaliwa kwamba mtu mzima atumwe kuchunguzwa haraka iwapo dalili zake zinaashiria uwezekano wa saratani wa asilimia 3. Kiwango hicho kisingeweza kukadiriwa kutokana na wagonjwa wa hospitali za saratani, kwa maana huko karibu kila mtu amekwisha kuugua.

Lawama

Mpango huu haukosi wakosoaji. Kwanza, nafasi ni chache na ushindani ni mkali, hivyo anayefaulu mara nyingi ni yule aliyekwisha kuonja utafiti akiwa mwanafunzi. Pili, mwaka wa ziada humchelewesha kupata mshahara wa daktari aliyehitimu, jambo zito kwa mwenye deni la karo na watoto.

Lakini lawama iliyo nzito zaidi ni ya mgonjwa. Vituo vingi vya Uingereza vina upungufu wa madaktari, na mgonjwa anayeambiwa daktari wake yuko chuoni hadi Alhamisi hafarijiki kusikia habari za takwimu. Watetezi hujibu kwamba daktari aliyejifunza kupima ushahidi hupunguza vipimo na dawa zisizo na faida. Hoja hiyo ina mashiko, ingawa haimwondoi mgonjwa kwenye foleni ya leo.

Australia na Kenya

Australia imechagua njia fupi zaidi. Huko daktari mwanagenzi anaweza kuajiriwa na idara ya chuo kikuu kwa nusu ya wiki kwa mwaka mmoja, akifundisha na kufanya utafiti mmoja, huku nusu nyingine akiendelea na wagonjwa.

Nchini Kenya mambo yamepinduka. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi pia kina mafunzo hayo. Ilhali Mwingereza huchagua kupitia chuoni au la, Mkenya hana budi: huwezi kuitwa daktari bingwa wa familia bila kuandika tasnifu inayotokana na utafiti wako mwenyewe.

Tatizo humkabili baadaye. Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, madaktari wa hospitali za kaunti wakawa waajiriwa wa serikali za kaunti, navyo vyuo vikuu vya umma vikabaki chini ya serikali kuu. Daktari wa familia anayetaka kuigawanya wiki yake kati ya hospitali ya kaunti na darasa hujikuta akiwaomba ruhusa waajiri wawili wasio na bajeti moja.