Udongo na mvua vinavyougawa msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko kati ya miji ya Kilifi na Malindi, ndio mkubwa zaidi miongoni mwa misitu mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Una eneo la takriban kilomita mraba 420, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Katika ramani huchorwa kama msitu mmoja. Kwa wataalamu wa mimea, hata hivyo, humo mna misitu mitatu, kila mmoja na miti yake.

Katika Mlima Kenya, mimea hubadilika kadiri mtu anavyopanda juu. Arabuko-Sokoke hauna mlima. Yanayoamua ni mvua na udongo. Upande wa mashariki, ulio karibu na bahari, hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kaskazini-magharibi kiasi hicho hushuka hadi karibu milimita 600.

Huko mashariki, penye mchanga wa kijivu na unyevu wa kutosha, ndiko kwenye mchanganyiko mkubwa wa miti. Mbambakofi humea pamoja na msandarusi, mti ambao utomvu wake uliuzwa ng'ambo zamani kwa kutengenezea vanishi.

Ukanda wa pili ni wa kustaajabisha. Udongo wake ni mchanga mweupe ambao mvua imekwisha kuufua rutuba, na mtu angetarajia vichaka tu. Badala yake umestawi mrihi, mti uo huo unaotawala misitu ya miombo ya Tanzania na Zambia. Siri yake imo mizizini: kuvu inayoishi humo huusaidia mti kufyonza madini haba ya ardhini, nao mti huilisha kuvu hiyo sukari. Kwa kuwa mirihi haikusongamana, mwanga hufika chini na nyasi humea. Mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana kwingineko duniani ila eneo la Kilifi, hutafuta chakula katika matawi hayo.

Magharibi, udongo ni mwekundu na mvua ni chache. Hapo miti ya jamii ya Cynometra, mifupi na iliyoshikamana, huunda kichaka kisichopenyeka kwa urahisi. Hapo pia ndipo penye muhuhu, mti mgumu wenye harufu nzuri, uliokatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago. Bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, huishi katika ukanda huu na hutegemea mashimo ya miti mikubwa.

Kwa sababu hiyo, hoja kwamba ekari iliyofyekwa upande mmoja yaweza kufidiwa kwa kupanda miche upande mwingine haina mashiko. Mche wa muhuhu ukipelekwa kwenye mchanga mweupe hautaupata udongo wake, na hata ukipandwa panapoufaa, huchukua miongo mingi kukomaa. Baadhi ya wachongaji wa pwani wamegeukia mwarobaini, mti wenye asili ya Asia unaokua haraka katika mashamba na nyua za watu, nje ya msitu.