Kufutwa kazi: Maswali mawili ambayo mahakama ya leba huuliza

CHUKUA mfano wa mlinzi wa ghala la mahindi mjini Kitale. Anafika kazini asubuhi, anaambiwa magunia kadhaa yametoweka usiku, kisha anaamriwa kurejesha sare na kwenda nyumbani. Hapewi barua wala haulizwi swali lolote. Baadaye anakamatwa na kushtakiwa kwa wizi, na kesi inachukua miaka. Hatimaye hakimu anamwachilia huru. Mlinzi huyo anaamini kwamba sasa ndipo wakati umewadia wa kumshtaki mwajiri wake kwa kumfuta kazi.

Kwa bahati mbaya, huenda amechelewa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kesi inayotokana na mkataba wa kazi iwasilishwe kabla ya miaka mitatu kupita. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku mfanyakazi anapofutwa, wala si siku anapoondolewa mashtaka ya jinai. Hata mazungumzo ya kutafuta suluhu nje ya mahakama hayasimamishi muda huo.

Katika maeneo ya Trans Nzoia na Bungoma, ambako maelfu hutegemea mashamba ya mahindi, viwanda vya sukari, shule na afisi za kaunti, kufahamu jinsi kesi hizi zinavyoamuliwa ni jambo la manufaa kwa mfanyakazi na mwajiri vilevile.

Mahakama ilikotoka

Kenya ilianzisha Mahakama ya Viwanda mwaka 1964, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kusuluhisha mizozo baina ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Mfanyakazi asiye na chama alikuwa na kinga ndogo, kwani mwajiri aliweza kumwondoa kwa kumpa notisi tu, bila kueleza sababu.

Hali hiyo ilibadilika Sheria ya Ajira ya 2007 ilipoanza kutumika Juni 2008. Katiba ya 2010 nayo iliongeza nguvu: kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kifungu cha 162 kinaagiza kuwepo kwa mahakama maalumu ya ajira yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Mahakama hiyo ndiyo inayoitwa leo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Bungoma ni miongoni mwa miji ambako majaji wake wameketi na kutoa hukumu, sawa na Eldoret na Kisumu.

Hata hivyo, si kila kesi huanzia kwa jaji. Tangu Juni 2018, mahakimu wa ngazi ya mkazi mwandamizi kwenda juu wamepewa mamlaka ya kusikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao wa mwezi, kabla ya makato, hauzidi Sh80,000. Kwa hivyo kesi ya mlinzi wa Kitale ingesikilizwa na hakimu papo hapo mjini, na asiyeridhika na hukumu angekuwa na siku 30 za kukata rufaa kwa jaji. Ifahamike pia kwamba Mahakama ya Madai Madogo haina mamlaka juu ya mizozo ya kazi.

Sababu na utaratibu

Katika uamuzi wa 2013 uliohusu Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), ambao hutajwa mara kwa mara na mawakili, mahakama ilieleza kwamba kumfuta mtu kazi kwa haki kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Moja likikosekana, mwajiri hushindwa.

Kuhusu sababu, mfanyakazi ndiye anayeanza kwa kuonyesha kwamba alifutwa isivyo haki. Kisha mzigo humwangukia mwajiri kuthibitisha sababu alizokuwa nazo. Sheria haimtaki athibitishe wizi kama inavyotakiwa katika kesi ya jinai. Inatosha kwamba wakati huo aliamini kwa dhati, na kwa misingi ya kueleweka, kuwa kosa lilitendeka. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa na mahakama ya jinai na bado akashindwa katika kesi ya leba.

Kuhusu utaratibu, sehemu ya 41 ya sheria humlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, kosa analodaiwa kutenda, na kumsikiliza akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hili ni sharti hata pale ambapo kosa ni kubwa, kama vile ulevi kazini, kutoroka zamu au kukaidi amri halali. Waajiri wengi hushindwa hapa: sababu wanayo, lakini hawakumpa mtu nafasi ya kujitetea.

Utetezi mwingine unaosikika sana ni kwamba mfanyakazi hakufutwa bali alitoroka kazi. Mahakama huuliza mwajiri alifanya nini kumtafuta. Asipoonyesha barua, ujumbe wa simu au juhudi nyingine yoyote, utetezi huo huwa dhaifu.

Kibarua na msimu

Vibarua nao hawakusahaulika. Sehemu ya 37 inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, mkataba wake huchukuliwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na hapo anastahili notisi na haki nyingine.

Lakini si kila anayelipwa kwa siku au kwa kipimo ni kibarua machoni pa sheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi dhidi ya wavunaji wa chumvi wa Pwani waliolipwa kulingana na kiasi walichovuna, ikieleza kwamba malipo ya kazi kwa kipimo ni aina tofauti ya mkataba. Mvunaji wa mahindi anayelipwa kwa gunia anafaa kulitambua hilo mapema.

Fidia hukadiriwa vipi

Mshindi hapewi kiasi chochote anachoomba. Fidia ya kufutwa isivyo haki haiwezi kupita mishahara ya miezi 12. Kwa anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi, kiwango cha juu ni Sh180,000, na mahakama yaweza kutoa ya miezi miwili au mitatu tu. Hupima muda aliotumikia, uwezekano wa kupata kazi nyingine na mchango wake mwenyewe katika kosa.

Kando na hiyo, hulipwa mshahara wa notisi na siku za likizo ambazo hakuzichukua. Anayepunguzwa kazi kwa sababu nafasi yake imeondolewa hudai kiinua mgongo cha angalau siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Kumrejesha mtu kazini kunawezekana ndani ya miaka mitatu, ingawa ni nadra.

Milango mingine

Wafanyakazi wa kaunti hutakiwa kwanza kupeleka rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma; mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kuwa njia hiyo haipaswi kurukwa. Aliyejeruhiwa kazini naye hupeleka dai lake kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, mpango ambao Mahakama ya Juu iliuidhinisha Desemba 2019. Chama cha wafanyakazi hupeleka mzozo kwanza kwa Wizara ya Leba ili msuluhishi ateuliwe.

Asiye na pesa za wakili anaweza kuanzia kwa afisa wa leba wa kaunti, mradi awasilishe malalamishi ndani ya miezi mitatu baada ya kufutwa. Ni vyema afike na barua ya kazi, taarifa za benki au za M-Pesa zinazoonyesha mshahara, na majina ya wenzake walio tayari kutoa ushahidi. Asiyekuwa na mkataba ulioandikwa asikate tamaa, kwani ni jukumu la mwajiri kuuandika na kuuhifadhi. Akikosa kuuleta mahakamani, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha au kupinga masharti yanayodaiwa.

Mlinzi wa Kitale angefuata njia hiyo juma lile lile aliloporejesha sare, kesi yake ya leba ingeendelea bila kungoja ile ya magunia kuamuliwa.