Meno 18 kwa 36: Historia ya Cheni ya Taimingi

Tangu mwaka 1876, Nikolaus Otto alipoiwasha injini yake ya mipigo minne huko Ujerumani, waunda injini za namna hiyo wametii hesabu moja: krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja. Kwa hiyo sproketi ya kamshafti huwa na meno maradufu. Ya krankshafti ikiwa na 18, ya kamshafti ina 36. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo. Kilichobadilika mara kwa mara ni kile kinachoziunganisha hizo mbili, na anayelipia mabadiliko hayo ni fundi anayeifumua injini miaka 20 baadaye.

Cheni ni kongwe kuliko gari. Su Song aliitumia katika mnara wake wa saa ya nyota huko Kaifeng, China, mwishoni mwa karne ya 11, na Leonardo da Vinci alichora za kwake karne nne baadaye. Lakini cheni ya injini ilizaliwa kiwandani Manchester. Hans Renold, Mswisi aliyehamia Uingereza, alisajili mwaka 1880 cheni ambayo pini yake huzunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola. Kabla yake, pini ilisuguana na ukingo mwembamba wa bamba ikalika upesi. Bushi iliusambaza mzigo kwenye upana wote. Mwaka 1895 akaja na cheni ya kimya, ambayo bamba zake zenyewe zina meno.

Si wote waliozihitaji. Kamshafti ya Beetle ya Volkswagen iliendeshwa kwa gia mbili tu zinazoshikana, na kwa kamshafti iliyo jirani na krankshafti hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Kamshafti ilipohamia juu ya hedi, gia mbili tu hazikutosha tena. Injini ya Jaguar XK ya mwaka 1948 ilizipandisha kamshafti mbili juu, ikaziendesha kwa cheni za safu mbili zilizopangwa kwa ngazi mbili.

Kisha ikaja tamaa ya ukimya, na hapo wahandisi wakajikwaa. Miaka ya 1960 injini nyingi za V8 za Marekani zilifungwa sproketi za alumini zenye meno ya nailoni. Zilinyamaza kweli. Baada ya miaka ya joto, nailoni ilikauka, ikapasuka, vipande vikadondoka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Fundi yeyote makini aliyeifumua injini ya namna hiyo aliitupa sproketi hiyo, akafunga ya chuma. Wajerumani wa kampuni ya Glas, mwaka 1962, walichukua njia nyingine, wakaingiza sokoni gari lenye mkanda wa mpira: mwepesi, mkimya, wa bei nafuu, lakini wa kubadilishwa kwa ratiba. Toyota nayo, katika injini ya 22R ya Hilux, iliacha cheni ya safu mbili miaka ya 1980, ikaweka ya safu moja na miongozo ya plastiki. Miongozo ikivunjika, cheni huanza kulichimba kava mpaka maji yakutane na oili. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ubahili, si ubunifu.

Kwenye injini inayofufuliwa, historia hii yote inakuwa suala la milimita. Cheni inayosemwa imerefuka haikuvutika. Pini na bushi zimelika, kila kiungo kimeongezeka kidogo, na cheni imeanza kupanda juu kwenye meno. Meno nayo yamelika kwa kuifuata. Ndiyo maana cheni mpya kwenye sproketi kuukuu ni hasara: inafundishwa ubovu tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Injini iliyochongwa si ile iliyotoka kiwandani. Kwenye injini yenye kamshafti juu, hedi ikichongwa nusu milimita, kamshafti inashuka nusu milimita. Tensheni italimeza legelege hilo, lakini inafanya hivyo upande usiovutwa, na kamshafti inabaki nyuma. Kwa sproketi ya meno 36 na cheni ya hatua ya milimita 9.525, hiyo ni takriban digrii moja ya krankshafti. Ni kidogo, lakini kulika kwa cheni huchelewesha kamshafti upande uleule, na makosa mawili hujumlishwa. Mercedes-Benz walilitambua hilo. Kwa injini zao za zamani walitoa funguo za shafti zilizopinda kwa digrii mbalimbali ili kuirudisha kamshafti mahali pake. Kwenye V8 za Marekani, njia ya krankshafti ikichongwa upya, krankshafti husogea karibu na kamshafti, na ndiyo sababu huuzwa cheni fupi kidogo kuliko ya kawaida.

Kosa la jino zima ni jambo lingine kabisa: jino moja kati ya 36 ni digrii 10 za kamshafti, yaani 20 za krankshafti, na kwenye injini nyingi za leo hapo valvu inaweza kukutana na pistoni. Kwenye injini za 1NZ za Toyota Vitz na Probox zilizojaa Dar es Salaam na Nairobi, viungo vyenye rangi hupangwa kwenye alama za sproketi. Ukizungusha injini mara mbili, viungo hivyo havitarudi kwenye alama, na fundi mchanga hushtuka bure. Alama za sproketi ndizo za kuangalia.

Basi ukipeleka injini gereji, nunua seti nzima: cheni, sproketi, miongozo na tensheni. Mwambie fundi aizungushe mara mbili kwa spana, si kwa stata, kabla kava halijafungwa.